Kizunguzungu cha Ghafla: Ni Sikio au ni Kiharusi?

Chukua mfano wa mama wa miaka 58 anayechuma majanichai karibu na Kebirigo, Kaunti ya Nyamira. Saa moja asubuhi, anapotupa majani kwenye kikapu kilicho mgongoni, shamba lote linaanza kumzunguka. Anaketi chini na kutapika. Mikono yake yote miwili ina nguvu, uso haujapinda na anajibu akiulizwa. Kufika saa nne dunia bado inazunguka, na hawezi kusimama bila kushikwa pande zote mbili. Jirani mmoja anasema ni malaria. Mwingine anasema ni taifodi. Wa tatu anasema ni presha imepanda, apewe chai ya sukari alale.

Huenda mama huyo ana ugonjwa wa sikio la ndani, ambao utamsumbua kwa siku kadhaa kisha upoe. Lakini dalili hizo hizo zinaweza kuletwa na kiharusi kilichopiga shina la ubongo au ubongo mdogo ulio kisogoni. Kiharusi cha aina hii kinaweza kuua au kuacha ulemavu, na matibabu yake hutegemea saa za kwanza.

Makala haya yanawaeleza wakazi wa Kisii na Nyamira jinsi wahudumu wa afya wanavyotofautisha hali hizi mbili, maana ya vipimo wanavyofanya, na mambo ambayo familia inapaswa kufanya kabla ya kufika hospitalini.

Jinsi sikio linavyosaidia mwili kusimama

Watu wengi hujua sikio kama kiungo cha kusikia. Ndani kabisa ya sikio, katika mfupa mgumu wa fuvu, kuna pia viungo vidogo vya usawa wa mwili. Kila upande una mirija mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo hubaki nyuma kidogo na kusukuma vinyweleo vya hisi, navyo hutuma habari kwamba kichwa kimegeuka na kimeelekea upande gani. Pembeni mwa mirija hiyo kuna vifuko viwili vyenye chembechembe ndogo za chokaa. Hivyo hupima mwinamo wa kichwa na mwendo wa kwenda mbele, nyuma, juu au chini.

Habari hizo husafiri kwa mshipa wa fahamu hadi kwenye shina la ubongo, sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo. Hapo huunganishwa na habari kutoka machoni, shingoni na miguuni. Ubongo mdogo hurekebisha hesabu hiyo kila wakati. Ndiyo maana mkazi wa Manga anaweza kushuka mteremko wenye utelezi baada ya mvua, mzigo kichwani, bila kufikiria kila hatua.

Kuna pia njia ya haraka sana kutoka sikioni hadi kwenye misuli ya macho. Kichwa kikigeukia kulia, macho husogea kushoto kwa kiasi kile kile, ili kile mtu anachotazama kisiruke. Kitendo hicho huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Njia hiyo hupitia katika shina la ubongo, na ndiyo sababu daktari anayetaka kujua kama kizunguzungu kimetoka sikioni au kwenye ubongo huanza kwa kuangalia macho.

Kwa nini kiharusi hiki hujificha

Wakazi wengi wamefundishwa kutambua kiharusi kwa dalili tatu: uso kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu, na maneno kuvutika. Mafunzo hayo ni sahihi na yaendelee kufuatwa. Lakini dalili hizo huonekana zaidi pale kiharusi kinapopiga sehemu za mbele za ubongo.

Shina la ubongo na ubongo mdogo hupata damu kupitia mishipa miwili inayopanda ndani ya mifupa ya shingo, kisha ikaungana kuwa mmoja chini ya ubongo. Mmoja wa mishipa hiyo, au tawi lake, ukizibwa na donge la damu, mtu anaweza kupata kizunguzungu, kutapika na kuyumba huku mikono na miguu ikiwa na nguvu zake zote. Akipimwa kwa zile dalili tatu pekee, ataonekana hana kiharusi.

Kwa hiyo wahudumu wa afya sasa huongeza mambo mawili kwenye orodha ya kiharusi: kupoteza usawa ghafla, na mabadiliko ya ghafla ya macho. Dalili nyingine zinazoelekeza kwenye shina la ubongo ni hizi:

• Kuona vitu viwili viwili.
• Kope moja kulegea.
• Kupaliwa na maji au kushindwa kumeza.
• Sauti kukauka ghafla, au maneno kutoka kama ya mtu aliyelewa.
• Ganzi upande mmoja wa uso, wakati mwingine pamoja na ganzi upande wa pili wa mwili.
• Mkono kukosa shabaha, mtu akitaka kushika kikombe anashika hewa.
• Kwikwi isiyokoma inayokuja pamoja na kizunguzungu.
• Kushindwa kusimama au hata kuketi bila kuegemea kitu.

Hali ya ganzi upande mmoja usoni na upande wa pili mwilini ilielezwa na daktari Mjerumani Adolf Wallenberg mwaka wa 1895, na hadi leo huitwa kwa jina lake. Mgonjwa wa hali hiyo huweza kuwa na nguvu za kutosha mikononi, lakini asiweze kumeza hata mate.

Maswali huja kabla ya kipimo

Mgonjwa anapofika kituoni, swali la kwanza si kama ana kizunguzungu. Neno hilo hubeba mambo mengi. Wengine humaanisha dunia kuzunguka, wengine kuona giza wanaposimama, wengine udhaifu wa njaa au homa. Mhudumu atataka kujua mambo matatu: kilianza lini, kimedumu muda gani, na kuna kitu gani kinachokileta.

Kizunguzungu kinachokuja kwa sekunde chache kila mtu anapogeuka kitandani, kisha kikaisha kabisa, mara nyingi husababishwa na zile chembechembe za chokaa zilizochomoka mahali pake na kuingia kwenye mrija mmoja. Mhudumu humlaza mgonjwa haraka huku kichwa kimegeuzwa upande mmoja, akayatazama macho yake. Akithibitisha, humgeuza kichwa hatua kwa hatua ili chembechembe zirudi zilikotoka. Wengi hupata nafuu siku hiyo hiyo, bila sindano wala vidonge.

Kizunguzungu kinachoanza ghafla na kuendelea kwa saa nyingi bila kukoma, pamoja na kutapika na kuyumba, ni jambo jingine. Hapo kuna mambo mawili makubwa ya kutenganisha: uvimbe wa mshipa wa fahamu wa sikio, ambao mara nyingi huletwa na virusi, na kiharusi. Mama wa mfano wetu yuko katika kundi hili.

Kipimo cha macho kwa hatua tatu

Kwa mgonjwa wa kundi hilo, ambaye kizunguzungu bado kinaendelea na macho yake yanacheza yenyewe, mhudumu aliyefunzwa hufanya uchunguzi wa hatua tatu. Hauhitaji mashine wala umeme, na huchukua dakika chache tu.

Hatua ya kwanza ni kugeuza kichwa kwa haraka. Mgonjwa huambiwa aikazie macho pua ya daktari. Daktari hushika kichwa na kukigeuza ghafla kwa pembe ndogo. Ikiwa sikio la upande huo limeharibika, macho hubebwa pamoja na kichwa, kisha huruka kurudi kwenye pua. Kuruka huko huonekana wazi. Kipimo hiki kilielezwa mwaka wa 1988 na Michael Halmagyi na Ian Curthoys wa Sydney, Australia.

Hapa ndipo watu hushangaa. Kwa mtu ambaye dunia inamzunguka saa hizo zote, kuruka kwa macho ni habari njema, kwa sababu kunaonyesha kwamba tatizo liko sikioni. Macho yakibaki yametulia kwenye pua kana kwamba mtu huyo ni mzima, wasiwasi huongezeka. Maana yake ni kwamba sikio na mshipa wake vinafanya kazi, basi kinachomzungusha mgonjwa kiko ndani zaidi, kwenye ubongo.

Hatua ya pili ni kuangalia namna macho yanavyocheza. Katika ugonjwa wa sikio, macho huvutwa polepole upande mmoja na kurushwa haraka upande wa pili, na mwelekeo wa kurushwa haubadiliki mgonjwa akitazama kushoto au kulia. Katika kiharusi, mwelekeo huweza kugeuka: akitazama kulia macho hurushwa kulia, akitazama kushoto hurushwa kushoto. Macho yanayocheza kwa kwenda juu na chini tu nayo huelekeza kwenye ubongo.

Hatua ya tatu ni kufunika jicho moja kisha jingine kwa kupokezana. Jicho lililofunuliwa likishuka au kupanda ili kutafuta lilichokuwa linatazama, ni ishara kwamba macho hayako usawa mmoja, na shina la ubongo linashukiwa.

Hatua moja tu kati ya hizo tatu ikionyesha ishara ya ubongo, mgonjwa huchukuliwa kuwa na kiharusi hadi ithibitike vinginevyo.

Mhudumu huongeza mambo mawili. Hupima usikivu, kwa kusugua vidole karibu na kila sikio. Tawi moja la mshipa unaolisha shina la ubongo hulisha pia sikio la ndani, hivyo mtu aliyeziba sikio ghafla pamoja na kizunguzungu anaweza kuwa na kiharusi. Kisha humwomba mgonjwa aketi na ajaribu kusimama. Mwenye ugonjwa wa sikio huyumba, lakini kwa kawaida huweza kusimama. Asiyeweza kabisa kusimama bila kushikwa anahitaji kuangaliwa kama mgonjwa wa kiharusi.

Uchunguzi huu una masharti. Unafaa tu kwa mtu ambaye kizunguzungu chake hakijakoma, na ni lazima ufanywe na aliyefunzwa. Mikononi mwa asiye na mazoezi, huweza kupotosha. Ndugu wa mgonjwa wasijaribu kugeuza kichwa chake nyumbani, hasa ikiwa aliumia shingo.

Picha ya skani haisemi kila kitu

Familia nyingi huuza ng'ombe au kuchangisha fedha ili mgonjwa apigwe picha ya ubongo, na jibu likija kwamba hakuna kitu, hurudi naye nyumbani. Ni vizuri kuelewa kile ambacho picha huonyesha.

Skani ya CT huonyesha vizuri damu iliyovuja ndani ya ubongo, na ni muhimu kwa sababu hiyo, kwani matibabu ya kuvuja damu na ya mshipa kuziba si sawa. Lakini katika saa za kwanza, skani hiyo mara nyingi haioni mshipa ulioziba sehemu ya nyuma ya ubongo, ambako mifupa minene huifunika picha. Picha ya MRI ni bora zaidi, ila nayo inaweza kukosea mapema. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2009 ulichunguza wagonjwa 101 wenye kizunguzungu kikali cha ghafla waliokuwa na hatari ya kupata kiharusi. Uchunguzi wa macho wa hatua tatu uliwanasa wote waliokuwa na kiharusi. Picha ya kwanza ya MRI ilikosa kuonyesha kiharusi kwa asilimia 12 ya waliokuwa nacho, na wote hao walikuwa wamepigwa picha ndani ya siku mbili za kwanza.

Funzo lake kwa mkazi ni hili: picha safi siku ya kwanza haitoshi kumrudisha nyumbani mtu asiyeweza kusimama. Familia ina haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, macho yake yamechunguzwa? Ameweza kutembea? Ameweza kumeza?" Maswali hayo matatu hayagharimu kitu.

Maji sikioni: kipimo cha miaka mia moja

Mgonjwa akishatulia, huenda akatumwa kwa daktari wa masikio, pua na koo, au kwa mtaalamu wa usikivu, ili ijulikane sikio limebaki na nguvu kiasi gani. Mojawapo ya vipimo vya zamani ni kuingiza maji ya uvuguvugu na kisha ya baridi kidogo katika kila sikio, na kutazama macho yanavyojibu.

Kipimo hiki kilitokana na jambo dogo. Daktari Robert Bárány wa Vienna alikuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa maji. Aliona kwamba maji yakiwa baridi mno mgonjwa hupata kizunguzungu na macho yake hucheza upande mmoja, na yakiwa ya moto mno macho hucheza upande wa pili. Aligundua kwamba joto au baridi husogeza majimaji ndani ya mirija ya sikio. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1914, na habari zilimfikia akiwa mfungwa wa vita nchini Urusi.

Siku hizi kuna pia miwani yenye kamera ndogo inayopima macho kichwa kinapogeuzwa. Miwani hiyo huona hata miruko midogo ambayo jicho la daktari haliwezi kuinasa. Vipimo hivi husaidia kupanga mazoezi ya kumrudishia mgonjwa usawa wake. Kazi hiyo ni ya wataalamu. Maji yasimiminwe sikioni nyumbani, kwani ngoma ya sikio iliyotoboka huweza kuingiza maradhi.

Tusimtafute mchawi

Mtu mzima akianguka ghafla, sauti ikapotea, macho yakaanza kucheza na uso kupata ganzi, baadhi ya watu husema amerogwa. Kila dalili kati ya hizo ina mahali pake katika shina la ubongo, na daktari anaweza kupaonyesha. Dhana ya uchawi huchelewesha mgonjwa, na imegharimu maisha ya wasio na hatia. Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa katika eneo la Marani, Kaunti ya Kisii, kwa kusingiziwa uchawi. Anayewanyooshea wazee kidole badala ya kumpeleka mgonjwa hospitalini huweza kuleta misiba miwili katika kijiji kimoja.

Abagusii wana historia ndefu ya kushughulikia maradhi ya kichwa. Omobari, mpasuaji wa jadi, alijulikana kwa kupasua ngozi na kukwangua mfupa wa fuvu kwa watu waliougua kichwa baada ya kugongwa. Kiharusi cha shina la ubongo kiko mbali na mfupa huo, ndani ya mishipa ya damu, na upasuaji wa namna hiyo hauwezi kukifikia.

La kufanya mtu anapopatwa

1. Tazama saa. Andika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha donge la damu, pale inapopatikana, hutolewa tu ikiwa hazijapita saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na baada ya picha kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Kama aliamka akiwa hivyo, hesabu huanza alipoenda kulala.

2. Mlaze kwa ubavu. Anayetapika akiwa amelala chali huweza kupaliwa na matapishi.

3. Usimpe chakula, maji, chai wala dawa ya kumeza. Shina la ubongo ndilo linaloongoza kumeza. Kijiko kimoja cha uji kinaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Hospitalini, uwezo wa kumeza hupimwa kabla ya mlo wa kwanza.

4. Usimpe aspirini nyumbani. Ikiwa damu inavuja kwenye ubongo, itazidisha madhara.

5. Tafuta gari. Pikipiki si salama kwa mtu asiyeweza kuketi wima, hata akiwekwa katikati ya watu wawili. Mpigie simu mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako au kituo cha afya kilicho karibu ili kuomba ambulensi.

6. Nenda hospitali yenye daktari. Ukifikia kwanza zahanati, eleza kwamba unashuku kiharusi, ili barua ya rufaa itolewe bila kungojea majibu ya malaria na taifodi. Kwa wakazi wa Nyamira kuna Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira, na kwa eneo zima la Gusii kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii.

7. Beba dawa zote anazotumia, hata za kienyeji, na kadi yake ya kliniki. Mwenye kisukari apimwe sukari mara moja, kwani sukari ikishuka sana huweza kuiga kiharusi.

Mgonjwa mwenye kiharusi cha ubongo mdogo huangaliwa kwa karibu siku chache za kwanza hata akionekana ana nafuu. Sehemu hiyo huweza kuvimba na kulikandamiza shina la ubongo linaloongoza kupumua. Akianza kusinzia kupita kiasi, kuumwa sana na kichwa au kutapika upya, mwiteni muuguzi mara moja.

Haki ya kutibiwa na malipo

Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema kwamba mtu yeyote hatanyimwa matibabu ya dharura. Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kiharusi ni mgonjwa wa dharura. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF. Kila mkazi anahimizwa kujisajili na kuwasajili wanaomtegemea kabla ya kuugua, kwa kupiga *147# au kwa msaada wa mhamasishaji wa afya ya jamii.

Kurudia hali ya kawaida

Ubongo una uwezo wa kujifunza upya. Mtu aliyepoteza usawa huanza kwa kuketi bila kuegemea, kisha kusimama, kisha kutembea huku akigeuza kichwa polepole. Mazoezi hayo huleta kizunguzungu kidogo, na hicho ndicho kinachoufundisha ubongo. Kulala siku nzima kwa kuogopa huchelewesha nafuu. Dawa za kuzuia kizunguzungu husaidia siku mbili tatu za mwanzo. Zikitumiwa kwa wiki nyingi, hulegeza ubongo na kuuzuia kujifunza.

Nyumbani, familia iweke mahali pa kushika njiani kuelekea chooni, iondoe mawe yanayoteleza, na iache taa ikiwaka usiku, kwa sababu macho husaidia pale sikio na ubongo vinapodhoofika. Mgonjwa asipande ngazi wala mti, asiendeshe pikipiki, na asichote maji mtoni peke yake hadi mtaalamu wa tiba ya viungo amruhusu.

Kinga huanza kwa kipimo kidogo

Shinikizo la juu la damu ndilo chanzo kikubwa cha kiharusi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima nchini Kenya wana shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Tangu Septemba 2023, wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine za kupima shinikizo la damu na sukari. Wanapopita nyumbani, kubali kupimwa. Aliyepewa dawa asiziache kwa sababu anajisikia vizuri. Kupunguza chumvi, kuacha sigara, na kutibu kisukari na maradhi ya moyo pia huzuia kiharusi.

Kuna tahadhari moja zaidi. Baadhi ya vinyozi humaliza kazi kwa kuizungusha shingo ya mteja kwa nguvu hadi iliye. Mishipa inayolisha shina la ubongo hupita ndani ya mifupa hiyo hiyo ya shingo, na imewahi kuchanika kwa mizunguko ya namna hiyo, hata kwa vijana. Mteja ana haki ya kukataa, na kinyozi mwema aache desturi hiyo.

Kwa yule mama wa shamba la chai, jambo la maana kuliko yote ni watu walio karibu naye kutambua kwamba kizunguzungu kisichokoma, kwa mtu asiyeweza kusimama, ni dharura. Akifikishwa kwa daktari asubuhi hiyo, dakika chache za kuyachunguza macho yake zinaweza kuonyesha kama atahitaji siku chache za kupumzika nyumbani au kitanda cha wodi ya kiharusi.